MWALIMU SI DEIWAKA!

KIJANA mwenzangu, neno deiwaka unalijua vizuri. Ni yule jamaa anayeshinda kituoni akisubiri kondakta mwenye gari lake achoke, augue au aende msibani, ndipo na yeye apewe tripu mbili tatu apate hela ya kula. Hana mkataba, hana likizo, akivunjika mguu ni shauri lake na Mungu wake. Kwenye daladala tumeshazoea. Sasa deiwaka ameingia darasani. Ameshika chaki, amevaa shati la kuchomekea, na kwa adabu tunamwita "mkufunzi wa muda".

Usidhani tunazungumzia Mlimani au Dodoma peke yake. Kibondo na Kasulu ni wilaya zenye vyuo. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibondo na ndugu yake wa Kasulu. Kuna chuo cha uuguzi Kibondo. Kuna vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, na hapo hatujagusa vya watu binafsi. Hatumnyooshei kidole yeyote kati ya hao tuliowataja, hilo lieleweke mapema. Tunachokisema ni mtindo, na mtindo huu umeenea nchi nzima, kuanzia kwenye maghorofa ya Dar es Salaam mpaka huku kwetu ambako lami yenyewe imefika juzi.

Mtindo wenyewe uko hivi. Chuo kinafungua kozi, wanafunzi wanalipa ada, walimu wa kudumu ni wachache. Anatafutwa kijana mwenye diploma au digrii aliyekaa nyumbani, anaambiwa, "Njoo utusaidie vipindi vya hesabu." Lisikie hilo neno vizuri: KUSAIDIA. Haitwi kufanya kazi, anaitwa kusaidia, kama anayeitwa kusukuma gari lililokwama kwenye tope. Akiuliza malipo anaambiwa, "Usijali, tutakuangalia." Karatasi hakuna. Analipwa kwa kipindi, na hicho kipindi kinalipwa siku mkuu wa chuo akijisikia. Akikumbushia, jibu ni kwamba ada hazijaingia.

Na hata hizo fedha zikitoka hazina jina la kueleweka. Leo ni "nauli", kesho ni "motisha", keshokutwa ni "asante". Zitaitwa kila jina ilimradi lisitamkwe neno UJIRA. Msifikiri ni bahati mbaya. Anayetamka ujira amekubali kuwa pana kazi, na palipo na kazi pana mfanyakazi, na mfanyakazi ana sheria yake. Wakubwa hawa ni wajanja wa lugha kuliko walimu wenyewe wa lugha.

Hebu tupige hesabu pamoja, hesabu ya kudhani tu. Tuseme kipindi ni Sh 4,000 na mwalimu ana vipindi 14 kwa wiki. Hiyo ni Sh 56,000. Kwa wiki nne ni Sh 224,000. Toa bodaboda ya kwenda na kurudi Sh 3,000, siku nne kwa wiki, wiki nne: zimekwenda Sh 48,000. Zimebaki Sh 176,000. Hapo hujatoa kodi ya chumba, bando, wala hela ya kumtumia mama. Na bado hatujasema habari ya kusahihisha. Darasa lina wanafunzi 90, kila mmoja ana karatasi za mtihani tano sita. Usiku kucha mwalimu anasahihisha kwa tochi ya simu, na kusahihisha hakuna kipindi, maana yake hakuna senti. Kuandaa somo, bure. Kusimamia mtihani, bure au soda. Chuo kikifungwa kwa likizo, mwalimu naye anafungwa mdomo mpaka muhula ujao.

Serikali yenyewe ilitangaza Mei Mosi ya 2025 kule Singida kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kinapanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kwa sekta binafsi kuna agizo lake la mishahara, na viwango vyake vilipandishwa kuanzia Januari 2026. Kiwango cha umma hakimlazimishi mwenye chuo binafsi, hiyo ni kweli. Lakini maagizo haya ya mishahara hayataji mwezi peke yake. Yana mpaka kiwango cha saa. Maana yake mwenye kutunga sheria alijua kuna watu watakaofanya kazi kwa saa, na hakusema hao wapewe asante.

Tuje kwenye heshima, maana kuna watakaosema hii ni njaa tu inatusumbua. Ingia ofisi ya walimu uangalie. Meza zina wenyewe. Mwalimu wa muda anakaa kwenye kiti cha aliyetoka, na aliyetoka akirudi, anasimama. Kikao cha walimu kikiitwa anaambiwa, "Wewe subiri kidogo nje." Kwenye mahafali jina lake halisomwi, ingawa nusu ya wanaovaa majoho amewafundisha yeye. Wanafunzi si wajinga, wanaona. Mwanafunzi akishajua kwamba huyu anaweza kuondolewa kwa simu moja, hata akimpa sifuri haogopi, anakwenda kwa mkuu. Halafu tunashangaa nesi hajui kupima dawa! Utampataje nesi mzuri kwa mkufunzi anayefundisha tumbo tupu huku jicho liko mlangoni?

Hapa lazima tuseme jambo moja la kwetu sisi watu wa Buha. Babu zetu walipelekwa Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na huku kwetu ndiko kulikuwa shamba lao la kuvuna watu. Walilipwa kwa KIPANDE. Kipande ni kadi yenye siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kipimo chako haikuandikwa. Umeugua, haikuandikwa. Mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na mshahara ulingoja kadi ijae. Sasa mjukuu wa manamba amesoma, ana diploma ukutani, na analipwa kwa KIPINDI. Kipande, kipindi. Tofauti ni herufi mbili tu.

Lakini babu hakukaa kimya, na hili ndilo hatufundishwi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilianzishwa 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Vibarua wa mkonge wakapata chama chao. Mwaka 1958 shamba la Mazinde lilisimama kwa mgomo. Hao walikuwa watu wengi wao wasiojua kusoma, wametoka makabila mbalimbali, wanalala kwenye kambi za tajiri. Wewe unajua kusoma mpaka kanuni za fizikia, unashindwa kumuuliza mwenzako mnalipwa kiasi gani?

Tukubali pia kwamba vyama vya wafanyakazi viliharibiwa makusudi. Januari 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, viongozi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA ambayo katibu mkuu wake alikuwa ni waziri wa kazi mwenyewe! Hebu fikiria, unamshtaki bosi kwa bosi. Ikaja JUWATA, ikawa jumuiya ya chama tawala. Ndiyo maana mzee wako ukimtajia chama cha wafanyakazi anakumbuka makato, fulana na gwaride la Mei Mosi, basi. Mlango ulifunguka kidogo ilipokuja OTTU mwaka 1991, na walimu wakasajili chama chao, CWT, mwaka 1993. CWT ni kikubwa, kina fedha za makato ya asilimia mbili, na walimu wengi wanayanung'unikia makato hayo hadharani. Ila makato hayo hutoka kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu wa muda hayumo kwenye orodha hiyo. Hakatwi, na asiyekatwa hakumbukwi. Hatuwalaumu sana, kila ndege huruka na ubawa wake, ila kijana wa vipindi asikae akingoja wamfuate Kibondo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa changa la macho. Utaambiwa, "Wewe si mfanyakazi, huna mkataba." UONGO! Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje, hata likiwepo jambo moja tu kati ya saba inazozitaja. Mojawapo ni kwamba saa zako za kazi zinapangwa na mwingine. Jingine ni kwamba umekuwa sehemu ya taasisi hiyo. Jingine ni kwamba unapewa vifaa vya kazi. Na jingine ni hili: umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Gawanya mwenyewe. Saa 45 kwa mwezi ni kama saa 11 kwa wiki. Mwalimu wa vipindi 14 vya saa moja moja ameshavuka, bado hajahesabu kusahihisha. Mwajiri anayebisha ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kuwa wewe si mwajiriwa wake.

Kuna dada yake sheria hiyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004. Hiyo inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako unapoanza. Asipokupa, mkafikishana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake, si wako. Kwa hiyo ile janja ya kutotoa karatasi inaweza kumgeukia mwenyewe. Tunza ratiba yenye jina lako. Tunza ujumbe wa simu wa kila shilingi iliyoingia. Piga picha orodha za maksi ulizosaini. Na kumbuka wakaguzi wa NACTVET wanapokuja chuoni huulizia walimu na vyeti vyao. Siku hiyo jiulize cheti chako kilikuwa faili gani. Mbele ya mkaguzi wewe ni mkufunzi, mbele ya mhasibu wewe ni msaidizi. Wapi na wapi!

Sheria hiyo hiyo inampa kila mfanyakazi haki ya kuanzisha chama na kujiunga nacho, na inakataza kumbagua au kumfukuza mtu kwa sababu hiyo. Kuanzisha chama kunahitaji mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20. Ishirini! Timu mbili za mpira hazijatimia. Mnaandika katiba, mnaandika mahudhurio na muhtasari wa mkutano, mnapeleka maombi kwa Msajili ndani ya miezi sita. Hamtaki kuanza upya? Kuna RAAWU na kuna THTU, vyama vya wanataaluma na wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu. Bisheni hodi, waulizeni kama wana nafasi ya tawi la watu wa vipindi, na wakisuasua muwe na zile sahihi 20 mfukoni.

Kisha kuna jambo ambalo wakuu wa vyuo wanaomba Mungu usilijue. Chama chenye wanachama walio wengi katika eneo la kazi kina haki ya kutambuliwa na mwajiri kuwa ndicho msemaji wa wote, na mwajiri akishapewa taarifa ana siku 30 za kukaa nacho mezani. Chukua chuo chenye wakufunzi 18, na 11 kati yao ni wa muda. Wengi ni nani hapo? Huyo anayesimama kumpisha mwenzake kiti ndiye mwenye kura.

"Mkigoma nawafukuza wote, kuna vijana mia wananisubiri getini." Hili ndilo rungu lao, na tusijidanganye, ni rungu kweli. Mji kama Kibondo umejaa wahitimu. Mji huu pia umelelewa na ajira za mashirika ya wakimbizi: kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi, vijana wakapata mikataba mifupi mifupi, na kila mfadhili akipunguza mfuko, kundi linarudi mtaani na vyeti vyake. Tumezoea kushukuru kwa miezi mitatu. Nchi nzima ni hivyo hivyo. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira waliona bora wajitokeze na umoja wao wa NETO, wapaze sauti kuhusu ajira na usaili. Kwa hiyo barua hii, msomaji wetu, haimhusu mwalimu wa muda peke yake. Inakuhusu wewe uliyekaa kijiweni na bahasha ya kaki. WEWE ndiye rungu lenyewe. Wewe ndiye unayetajwa kila mwalimu akiomba mkataba. Bila wewe mkuu wa chuo hana cha kutishia.

Wengine tayari wamelivua rungu hilo. Kenya, tume ya walimu iliajiri walimu tarajali kwa maelfu, ikawapa Sh 20,000 za kule kwa mwezi kabla ya makato, huku wakifundisha vipindi sawa na wenzao. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema mpango ule haukuwa halali. Mei wakaweka chaki chini na kuingia barabarani. Kulikuwa na wahitimu chungu nzima mtaani huko pia, msidhani Kenya kuna ajira za kumwaga. Januari 2025 walimu 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Na wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma vya hapo hapo Kenya, chini ya chama chao cha UASU, waligoma siku 49 kuanzia Septemba 17, 2025, wakidai Sh bilioni 7.9 za kwao, mpaka Serikali ikasaini kuzilipa. Walikuwa na makubaliano yaliyoandikwa ya kunyooshea kidole. Wewe utanyooshea kidole kitu gani, "tutakuangalia"?

Hata Marekani kwa matajiri yapo haya. Pale Pittsburgh, Chuo Kikuu cha Duquesne, bibi mmoja aitwaye Margaret Mary Vojtko alifundisha Kifaransa miaka 25 kama mwalimu wa muda. Alikufa Septemba 2013 akiwa na miaka 83, fukara, bila pensheni. Mwaka mmoja kabla, walimu wa muda wa chuo hicho walipiga kura kujiunga na chama. Chama gani? Cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma! Chuo kikakataa kukitambua, kikaweka mbele uhuru wa dini yake. Mtu anacheka, lakini wale walimu waliona mbali: mfua chuma anajua maana ya ujira, haoni aibu kulitamka neno hilo.

Tusije tukaonekana tunachochea fujo. Julai 30, 2012 CWT iliitisha mgomo nchi nzima, na Agosti 2 Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikausimamisha. Mgomo una ngazi zake kisheria: usuluhishi kwanza, kura ya wanachama, kisha notisi ya saa 48. Ukiruka ngazi moja umempa mwajiri kamba ya kukunyongea. Na vipo vyuo vidogo ambavyo kweli havina kitu, ada za wakulima wa maharage zinachelewa mpaka mavuno. Sawa. Basi mkuu wa chuo aweke hesabu mezani, mkubaliane tarehe za malipo zinazofuata mavuno, ziandikwe, zisainiwe. Ukata si sababu ya kumnyima mtu karatasi. Karatasi ya mkataba ni Sh 100 stationari.

Muhula mpya unakuja na simu zitaanza kupigwa. Ukipigiwa wewe, kabla hujasema ndiyo, uliza mambo matatu: nani alikuwa anafundisha somo hilo, kwa nini ameondoka, na malipo yanatoka tarehe ngapi. Ukisikia kwamba aliyekuwepo "alikuwa msumbufu, alikuwa anadai-dai", omba namba yake ya simu. Wakikunyima, hapo Kibondo hakuna mtu asiyejulikana, muulize bodaboda yeyote sokoni. Mtafute, mkae, akuambie alikuwa anadai nini na kiasi gani. Kisha rudi chuoni ukadai hicho hicho, kwa maandishi, na majina yenu mawili yawe ya kwanza kwenye ile orodha ya watu 20.